Viti vya kumbi za zamani Dodoma: unalipia sponji au unalipia nafasi ya goti? (Uzi wa vipimo)

#1 MratibuDom

Wakuu, heshima kwenu. Mvua zikikatika tu kumbi za Dodoma zinaanza kujaa: matamasha ya kwaya, tamthilia za vyuo, mahafali, vichekesho, uzinduzi wa albamu. Tiketi zinauzwa kwa madaraja, VIP mbele na kawaida nyuma, lakini kwenye kumbi nyingi za zamani tofauti ya madaraja hayo ni kitambaa kilichofunikwa juu ya kiti kilekile, kwenye nafasi ileile. Naomba tuweke uzi mmoja wenye vipimo, usaidie mnunuzi wa tiketi na usaidie kamati za kumbi zinazotaka kukarabati kwa pesa kidogo.

Kumbi ninazozisemea ni za aina tatu. Majengo yaliyokuwa sinema, yenye viti vya kujikunja vilivyofungwa sakafuni. Kumbi za misheni na za jumuiya zenye mabenchi ya mbao. Na kumbi za sakafu bapa zilizojengwa baada ya mji kutangazwa makao makuu mwaka 1973, ambazo hupangwa viti vya plastiki au vya chuma kulingana na shughuli.

Kabla hamjatoa maoni, chukueni futi mpime vitu vitano:

Mgongo hadi mgongo: kutoka nyuma ya egemeo la kiti kimoja hadi nyuma ya egemeo la kiti cha safu inayofuata.
Njia ya kupita: kutoka ukingo wa mbele wa kiti (kikiwa kimejikunja, kama ni cha kujikunja) hadi mgongo wa kiti cha mbele yake.
Upana: katikati ya mkono mmoja hadi katikati ya mkono wa pili.
Kimo: sakafu hadi ukingo wa mbele wa kikalio. Kama ni sponji, pima mtu akiwa amekaa.
Kina: ukingo wa mbele hadi egemeo.

Kumbi za enzi ya Mwingereza zilipimwa kwa inchi, na kanuni za kumbi za Uingereza wakati huo ziliruhusu inchi 30 mgongo hadi mgongo kwa viti vyenye egemeo na inchi 24 kwa mabenchi yasiyo na egemeo. Upana ulikuwa inchi 20 kwa kiti chenye mikono na 18 kwa kisicho na mikono. Inchi 30 ni sentimita 76. Sasa fanyeni hesabu: mtu mzima wa kimo cha kawaida ana takriban sentimita 60 kutoka matakoni hadi ncha ya goti akiwa amekaa, mrefu anafika 64 au 65. Egemeo lenye sponji na mlalo wake linakula sentimita 10 hadi 12. Jumla mrefu anahitaji 76 kabla hajapata hata upenyo wa kidole. Ndiyo maana kwenye kumbi hizo mtu wa mita 1.80 anakaa ubavu ubavu onyesho zima, hata kama kiti kimewekewa sponji mpya jana.

Msimamo wangu naueleza mapema: nafasi ya goti inatangulia, egemeo linafuata, sponji ni ya tatu. Anayepinga alete vipimo.

#2 Mshona_Viti

Mkuu MratibuDom, kwenye goti sikupingi, ila sponji usiiweke nyuma kiasi hicho. Onyesho la saa mbili kwenye sponji iliyokufa ni mateso hata ukiwa na mita nzima mbele yako. Shida ni kwamba kamati nyingi zinanunua sponji kwa unene na rangi, wala haziangalii uzito.

Jaribio rahisi: omba kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10. Hicho ni lita moja. Kiweke kwenye mzani mdogo wa jikoni. Kikiwa gramu 18, hiyo ni sponji ya kilo 18 kwa mita ya ujazo, ya kufungia vyombo. Kikiwa 30, kinafaa egemeo. Kwa kikalio cha ukumbini kinachokaliwa na watu tofauti kila wiki, usishuke chini ya gramu 35, na 40 au zaidi ndiyo salama. Kama muuzaji hakubali kukata, pima karatasi nzima: ya futi 6 kwa 3 yenye unene wa inchi 4, ikiwa ya kilo 35 kwa mita ya ujazo, ina uzito wa karibu kilo 5.9. Ukiibeba ikawa kilo 3, umeuziwa nyepesi, hata kama ukiibonyeza inaonekana ngumu.

Na hapa ndipo wengi wanapotea. Ugumu na uzito ni mambo mawili. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nyepesi ambayo ni ngumu siku ya kwanza. Lakini kuta zake ni nyembamba, zinavunjika kila mtu anapokaa, na baada ya miezi michache makalio yanagusa mbao. Ukitaka kujua kama imefikia hapo, weka goti katikati ya kiti ubonyeze kwa uzito wako wote. Ukihisi plaiwudi, sponji hiyo imekwisha.

Hesabu ya kununua: karatasi ya futi 6 kwa 3 inatoa vikalio 8 vya sentimita 45 kwa 45, na mabaki ni machache sana. Ukumbi wa viti 200 unahitaji karatasi 25. Ongeza 2 kwa makosa ya kukata. Egemeo lina sponji ya inchi 2 tu, ikizidi hapo unamsukuma mtu mbele na kula kina cha kiti.

#3 DadaWaTiketi

Kwa sisi wanunuzi: mtu anapiga simu kuuliza nafasi, au anafika mapema mlangoni kuchagua. Akae wapi? Tujibuni kwa lugha ya kawaida.

#4 SeremalaKikuyu

Dada, nafasi ya kukaa watakuja wenye ujuzi wa jukwaa wakujibu. Mimi nizungumzie mabenchi maana ndiyo yanayosemwa vibaya kupita kiasi. Benchi lililopigwa vizuri linakishinda kiti cha sponji mbovu, na halina kunguni.

Benchi nyingi za kumbi za misheni ni ubao mmoja wa inchi 12, miguu miwili, hakuna egemeo. Hilo mtu anaweza kulivumilia dakika 40. Kulibadilisha si lazima kulitupa. Kikalio kiwe na kina cha sentimita 40 hadi 43, kwa hiyo ongeza ubao wa pili wa inchi 4 nyuma ya ule wa kwanza, uache upenyo wa sentimita 1 katikati ili hewa ipite na vumbi lidondoke. Kimo cha ukingo wa mbele kiwe 43. Nyuma kishuke sentimita 2 hadi 3 kuliko mbele, mtu asiteleze. Ukingo wa mbele uupige randa uwe mviringo, kisha msasa, maana kona kali ndiyo inayobana mishipa nyuma ya goti na kuleta ganzi.

Egemeo: usiliweke wima. Lilaze kiasi cha nyuzi 10 hadi 15 kutoka wima. Mbao mbili za inchi 4 zinatosha: ya chini ianze kama sentimita 15 juu ya kikalio ili makalio yapate pa kuingia na kiuno kipate pa kuegemea, ya pili ifike chini kidogo ya mabega. Watu wanapiga egemeo la ubao mmoja juu kabisa, mgongo unabaki hewani pale pale unapohitaji msaada.

Mbao: mninga ni mzuri, mchwa hauupendi na hautingishiki kirahisi, ila bei yake inajulikana. Paini kutoka Mafinga inafaa kwa sharti mbili. Iwe imetiwa dawa, na iwe imekauka hapa hapa Dodoma. Mbao iliyopasuliwa nyanda za juu inafika na maji mengi ndani. Ukiiunga mwezi wa tatu, ikifika wa tisa kwenye upepo huu mkavu imesinyaa, ulimi unacheza ndani ya tundu, skrubu zinalegea, benchi linaanza kulia kila mtu anapojigeuza. Kwenye tamthilia mlio huo unaharibu mambo kuliko simu. Panga mbao kivulini, weka vijiti vya inchi moja kati ya ubao na ubao, acha ncha zimepakwa rangi zisipasuke. Ubao wa unene wa inchi moja usiuguse kabla ya miezi kadhaa ya kiangazi. Ukiona haraka ni lazima, tumia bolti na nati badala ya misumari, ili mwezi wa kumi na moja mtu apite na spana akaze.

#5 Zege_na_Chuma

Niwajibie wenye majengo ya sinema za zamani. Kiti cha kujikunja kina kazi mbili: kukalisha, na kufungua njia ya kupita mtu anaposimama. Kikiacha kujikunja chenyewe, safu yote inakuwa mtego. Kwa hiyo jaribio la kwanza: shusha kikalio, achia. Kikirudi juu chenyewe, kizima. Kikibaki chini au kikisimama katikati, fungua ubavuni.

Ndani utakuta moja ya mitambo miwili. Kuna springi, au kuna uzito wa chuma nyuma ya kikalio unaokivuta. Ya uzito haiharibiki kirahisi. Mara nyingi ni bushi (pete ambazo ekseli inazungukia ndani yake) zilizolika au vumbi lililochanganyika na grisi ya zamani likawa kama saruji. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, futa, pima ekseli. Bushi mpya anaweza kuzikereza fundi wa mashine kutoka kwenye fimbo ya nailoni, mbili kwa kila kiti. Usimruhusu mtu amwage oil chafu ya gari. Inakamata vumbi jekundu wiki hiyo hiyo, na inachafua nguo za watu.

Miguu ya viti vya zamani mara nyingi ni chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, chenye nakshi pembeni. Kikipasuka usimpe fundi wa kuchomea wa kawaida na vijiti vya kawaida. Kitashika leo, kesho kitapasuka milimita mbili kando ya alama ya kuchomea, kwa sababu chuma hicho ni kikavu na kinapoa kwa kutofautiana. Kinahitaji vijiti vya nikeli na kupashwa moto kwanza. Njia rahisi zaidi: bapa mbili za chuma za milimita 5, moja kila upande wa ufa, zifungwe kwa bolti nne. Haipendezi sana, lakini inadumu.

Bolti za sakafuni zikicheza, usijaze tundu lile lile kwa saruji na kurudisha bolti. Zege la pembeni limeshavunjika. Sogeza tundu angalau sentimita 5 hadi 7, toboa jipya, puliza vumbi lote litoke, ndipo ufunge bolti inayotanuka ya milimita 10 kwa 80. Vumbi likibaki ndani bolti inashikilia unga.

Na ukishafungua bolti zote hizo, hapo ndipo nafasi ya kupanua safu inapopatikana. Kukaza viti vyote upya kwenye sentimita 76 zile zile ni kutupa pesa.

#6 Mwenye_Ukumbi_Sgd

Natokea Singida. Mnaongea vizuri, ila mwenye ukumbi anaishi kwa idadi ya viti. Nikipanua safu napoteza safu. Nani atanilipa?

#7 MratibuDom

Swali la haki kabisa, ndugu yangu. Tuchukue mfano: eneo la kukalia lina kina cha mita 18, kila safu ina viti 14, njia mbili pembeni.

Kwa sentimita 76 unapata safu 23, viti 322.
Kwa 85 unapata safu 21, viti 294.
Kwa 90 unapata safu 20, viti 280.

Kutoka 76 kwenda 85 unapoteza viti 28. Tuseme tiketi ni shilingi 10,000. Ukumbi uliojaa ulikupa 3,220,000. Ukiweka 11,000 kwa viti 294 unapata 3,234,000. Yaani shilingi elfu moja kwa kichwa imeziba pengo lote, na mtu anapata sentimita 9 za goti. Na hiyo ni siku ambayo umejaa. Siku ambayo wamekuja watu 200, viti 28 vilivyoondolewa havikukugharimu kitu, kwa sababu vingekuwa vitupu.

Wenzetu wenye majengo ya kale kuliko yetu wamefanya hivyo. Theatre Royal Drury Lane ya London ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2021, ilipunguza karibu viti 200 ili wanaobaki wakae vizuri. Jengo lile halikosi wateja, na bado waliona inalipa.

Kama huna uwezo wa kuhamisha zote, hamisha safu sita au saba za katikati tu ziwe 90, hizo ndizo ziwe VIP. Hapo mtu analipa zaidi na anapata zaidi. Kumwekea kitambaa cha satini na chupa ya maji kwenye sentimita 76 ni kumdhulumu.

#8 Mwenye_Ukumbi_Sgd

Hesabu nimeielewa. Safu saba za katikati naweza. Je, zile za nyuma ziendelee na 76?

#9 MratibuDom

Ziendelee, ila ziuze kama safu fupi kwa bei ya chini na useme wazi kwenye tiketi. Wanafunzi na watoto watakaa bila shida.

#10 Mkaguzi_wa_Kumbi

Kabla hamjafika mbali, nafasi ya kupita ina suala la uhai. Taratibu za Uingereza, ambazo mafundi wengi wanazitumia kama kipimo, zinafunga idadi ya viti kwenye safu na upana wa njia ya kupita. Njia ikiwa sentimita 30, safu isizidi viti 7 kama ina ujia (njia ya kutembea mwishoni mwa safu) upande mmoja tu, au 14 kama ina ujia pande zote mbili. Kila ukiongeza sentimita 2.5, unaruhusiwa kiti kimoja zaidi kwa upande. Chini ya 30 hakuna ruhusa. Ukumbi wa viti 18 kwenye safu moja iliyobanwa na ukuta upande mmoja ni hatari, hata kama sponji ni ya dhahabu.

Viti vya plastiki na vya chuma visivyofungwa sakafuni vifungwe vyenyewe kwa vyenyewe, vinne vinne kwa uchache na visizidi kumi na viwili kwenye kipande kimoja. Ubao mwembamba uliopitishwa chini ya miguu ya nyuma na kufungwa kwa waya au kibano unatosha. Watu wakikimbia, kiti kimoja kilichoanguka kwenye ujia kinaangusha watu kumi.

Sponji ya kawaida inashika moto haraka na moshi wake una sumu inayoua kabla ya moto kufika. Kwa hiyo nyaya zilizochubuka chini ya viti, mishumaa ya mkesha na sigara kwenye chumba cha projekta cha zamani, vyote viondoke. Kiti kilichochanika kishonwe siku hiyo hiyo, kwa sababu sponji iliyo wazi ndiyo inayowaka kirahisi. Na viti vya nyongeza kwenye ujia, hapana. Hata mgeni rasmi akichelewa. Ukiwa na shaka na mpangilio wako, waite Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje kukagua kabla ya shughuli. Ile 114 iachie siku ya moto wenyewe.

#11 Mwalimu_wa_Kwaya

Shikamoni wakubwa. Nijibu la DadaWaTiketi kwa upande wa kuona na kusikia.

Sakafu bapa: mtu aliyekaa macho yake yako kama sentimita 112 hadi 115 kutoka chini. Mtu wa mbele yako ana kichwa cha kimo kile kile, na akina mama wakija na vilemba vya shughuli ongeza 15. Ili uone juu ya kichwa cha mbele, mstari wa macho unahitaji kupanda sentimita 12 kila safu. Kwenye sakafu bapa hauupati huo, unachopata ni kuona kati ya mabega. Kwa hiyo waandaaji wapange viti mshazari: safu ya pili isogee nusu kiti, kila mtu atazame kwenye pengo. Haigharimu senti. Haifanyiki kwa sababu anayepanga anafuata mistari ya vigae.

Kwa mnunuzi, kwenye ukumbi bapa wenye jukwaa la karibu mita moja, safu ya nne hadi ya saba ndiyo nzuri. Ya kwanza na ya pili shingo inauma, miguu ya waimbaji wa nyuma huioni, na spika ziko usawa wa sikio. Kuanzia ya nane kwenda nyuma, tafuta kiti cha ukingoni mwa ujia, unaweza kuinama upande na unanyoosha mguu mmoja. Kwenye sinema ya zamani yenye sakafu ya mteremko, nyuma ya katikati ni nzuri kuliko mbele. Iepuke safu iliyo ndani kabisa chini ya ghorofa ya juu: sauti inafika imefifia na joto linakaa pale. Epuka pia kiti kilicho nyuma ya nguzo, na kile cha jirani na mlango wa pembeni, kwa sababu kila anayetoka anaingiza mwanga na vumbi.

Jambo la sauti lisisahaulike. Kiti chenye sponji na kitambaa kinanyonya sauti karibu sawa na mtu, hivyo ukumbi unasikika vilevile ukiwa nusu au ukijaa. Plastiki na mbao tupu hazinyonyi. Mkifanya mazoezi mchana ukumbi mtupu wenye viti vya plastiki, mwangwi unakuwa mrefu, mwimbishaji anapunguza mwendo, usiku watu wakijaa wimbo unaburuta. Kwa hotuba na spika kubwa, viti vya kitambaa vinaokoa maneno yasigongane. Lakini kwa zeze na ilimba za Wagogo zikipigwa bila vipaza sauti, kitambaa kingi kinazimeza. Pale mbao ni bora. Ukumbi wa Bayreuth kule Ujerumani, uliofunguliwa 1876, mpaka leo unasifiwa sauti na viti vyake ni vya mbao vyenye mto mwembamba. 

#12 Mshona_Viti

Mwalimu umegusa kitambaa, nimalizie hapo. Wengi wa huku wanataka leza (ngozi bandia) kwa sababu inafutika vumbi. Sawa, ila mwezi wa kumi na wa kumi na moja, ukumbi wa bati bila dari, leza inamfanya mtu atoe jasho mgongoni ndani ya robo saa, na akisimama inamnasa. Tena joto linakausha ule ulaini wa leza ya bei ndogo, inaanza kupasuka kwenye mikunjo ya mbele baada ya kiangazi kimoja au viwili. Kitambaa kizito kinapumua, ila kinakamata vumbi.

Njia ya kati: leza nyuma ya egemeo na pembeni, pale mikono na magoti yanapogusa. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana sehemu ya kukalia, kishonwe kama foronya yenye zipu ili kitoke kifuliwe mara mbili kwa mwaka. Rangi ya udongo au kahawia iliyoiva, usichague krimu.

Na chini ya sponji, plaiwudi ya milimita 12 itobolewe matundu sita hadi tisa ya milimita 10. Hili dogo linaokoa mshono. Mtu mzito akikaa kwa ghafla kwenye kiti cha leza kisicho na tundu, hewa haina pa kutokea, inasukuma mshono wa mbele. Ukiona viti vingi vimefumuka mahali pamoja, usimlaumu mshonaji peke yake, geuza kiti uangalie kama plaiwudi ina matundu.

#13 DadaWaTiketi

Asanteni sana, mwalimu umenijibu barabara. Na kunguni? Nauliza kwa uzito, watu wanakataa kurudi kwenye ukumbi kwa sababu hiyo tu.

#14 SeremalaKikuyu

Kunguni wanakaa kwenye mshono, kwenye mstari wa pini za stepla chini ya kiti, kwenye matundu ya skrubu na ndani ya mabomba ya chuma yaliyo wazi. Tafuta vidoto vyeusi kama vya kalamu. Vikalio vinavyotoka vitolewe, vifungwe kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuanikwa juani kwenye bati au zege, vikiwa vimelazwa kimoja kimoja, visirundikwe. Joto la nyuzi 50 likifika katikati ya sponji linaua mdudu na yai, ila juu ya mfuko kuwa moto hakumaanishi katikati kumefika. Chomeka kipimajoto cha jikoni. Geuza mchana. Mabomba yazibwe kwa vifuniko vya plastiki, matundu kwa puti. Kupuliza dawa za kawaida peke yake kunawatawanya, na wengine wameshazizoea.

#15 Mwenye_Ukumbi_Sgd

Wakuu, swali la mwisho kwangu. Nina mabenchi 40 ya ubao mmoja, mwaka huu egemeo siliwezi. Nifanye nini kwa pesa ndogo?

#16 MratibuDom

Mito ya kukodisha. Shakespeare's Globe ya London, ambayo ni jengo jipya la 1997 lililofuata mtindo wa kale, ina mabenchi ya mbao na inakodisha mito kwa wanaotaka. Hapa linawezekana. Kata sentimita 36 kwa 45, unene inchi 2: karatasi ya futi 6 kwa 3 inakupa mito 10 kamili. Upana wa 45 uende kwa mtu, 36 uende kwenye kina cha ubao. Itazidi ubao wa inchi 12 kwa sentimita 5 au 6, hizo zining'inie nyuma, mbele ukingo uwe sawa. Shona turubai jepesi au kitambaa cha sare za shule, zipu upande mmoja, na kamba mbili za kufungia ili isidondoke kila mtu anaposimama kushangilia. Tuseme mto unakugharimu 9,000 na unakodisha 1,000: ukikodishwa mara tisa umerudisha pesa. Anza na 60, hesabu mlangoni wakati wa kutoka.

Na pesa ya mito ikusanye kwa ajili ya egemeo la benchi kumi za kwanza.

#17 SeremalaKikuyu

Kabla ya hizo kumi, piga moja. Iweke mahali pake halisi, na benchi nyingine mbele yake kwa umbali uleule. Kalisha watu wanne kwa dakika 90: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja mnene, mmoja mtu mzima wa umri. Dakika mbili hazisemi kitu, kila kiti ni kizuri dakika mbili. Angalia wanachofanya baada ya dakika 50. Wakisogea mbele mpaka ukingoni, kina kimezidi. Wakiteleza chini, kikalio hakijalala vya kutosha. Miguu ya mfupi ikining'inia, punguza kimo hadi 42, au weka ubao wa kukanyagia chini ya benchi ya mbele. Wakiweka mikono kiunoni nyuma, ubao wa chini wa egemeo uko juu mno, ushushe sentimita 3 ujaribu tena. Ubao huo ufunge kwa bolti mbili kila mguu, na matundu ya mguuni yawe marefu kama sentimita 4, ili kuushusha kuwe kazi ya spana tu.

#18 Mwenye_Ukumbi_Sgd

Nimeelewa, wakuu. Nitatafuta paini kavu wiki hii, nianze na benchi ya safu ya tano.